Kutoka katika dhehebu kali ni mwanzo tu: Jinsi kasumba inavyomwondoka mtu

KASUMBA, kwa maana yake ya asili, ni afyuni, ule utomvu wa mpopi ambao wavutaji waliuvuta kwa kiko hadi wakasahau njaa, deni na jamaa. Kwa miaka mingi sasa Waswahili wamelitumia neno hilo kwa mafundisho yanayomlevya mtu hata asiweze kufikiri nje ya aliyofunzwa. Ulinganisho huo una hekima. Anayeacha afyuni haponi siku anapokitupa kiko, kwa kuwa mwili unaendelea kuidai. Vivyo hivyo, anayetoka katika dhehebu linalomtawala mtu kila kitu, tangu mlo hadi ndoa, hutoka kwa miguu kwanza. Akili hufuata baadaye, na mara nyingi huchelewa sana.

Katika mitaa ya Eastlands, jijini Nairobi, jambo hili huzikumba familia nyingi kimyakimya. Kijana aliyetoweka miaka mitatu anabisha hodi Umoja au Kayole akiwa na mfuko mmoja wa nguo. Wazazi humshukuru Mungu, humchinjia kuku na kudhani yamekwisha. Baada ya wiki mbili wanashangaa kumwona halali usiku, hali vyakula fulani, haangalii runinga, na anajibu kila swali kwa maneno ambayo hakuna mtu mwingine nyumbani anayeyaelewa. Makala haya yanaeleza kinachoendelea ndani ya mtu wa namna hiyo, kinachomsaidia na kinachomrudisha nyuma.

Dhehebu kali ni lipi?

Ni vyema kuanza kwa kuondoa dhana potovu. Ukali wa dhehebu haupimwi kwa kilemba, kanzu, ngoma au mkesha. Makanisa ya Kiafrika kama vile Akorino, Legio Maria na yale ya Roho yamekuwa sehemu ya maisha ya Nairobi kwa muda mrefu, na waumini wake huenda kazini, hupeleka watoto shule na huzika wafu wao pamoja na majirani wa dini nyingine. Kwa upande mwingine, kundi linaweza kukutana katika ukumbi wa kisasa, wahubiri wakavaa suti, na bado likawafunga wafuasi wake minyororo isiyoonekana.

Kipimo kinachotumiwa na wataalamu wengi kilitokana na kazi ya daktari wa akili wa Marekani, Robert Jay Lifton. Katika miaka ya 1950, Lifton aliwahoji huko Hong Kong watu waliotoka China baada ya kupitishwa katika mpango wa serikali wa kubadilisha fikra. Kitabu chake cha mwaka 1961 kilitaja alama 8 za mazingira yanayoikamata akili. Kati ya hizo, nne huonekana kwa urahisi hata na jirani wa kawaida.

Ya kwanza ni kudhibiti habari: mfuasi haruhusiwi kusoma, kusikiliza wala kuongea na watu fulani. Ya pili ni ungamo lisilokwisha, ambapo siri za mtu hutolewa hadharani au kwa kiongozi, kisha zikawa silaha dhidi yake. Ya tatu ni lugha ya pekee, yenye maneno machache yanayofunga mjadala. Shaka huitwa "roho chafu", na jamaa wa damu huitwa "watu wa dunia". Ya nne, ambayo ndiyo nzito kuliko zote, ni kundi kujipa mamlaka ya kuamua nani anastahili kuwako. Walio ndani wataishi, walio nje wamekwisha kuhukumiwa.

Alama hizi zikikusanyika, mafundisho yenyewe hayana uzito mkubwa. Kundi laweza kuhubiri Biblia, Kurani, mila za mababu au siasa. Kufuli huwa lile lile.

Mazingira ya Eastlands

Eastlands ilijengwa kwa ajili ya wafanyakazi. Pumwani ilianza katika miaka ya 1920, Kaloleni ikafuata katika miaka ya 1940, na baadaye mitaa mingine, baadhi ikipewa majina ya Biblia kama vile Jericho na Jerusalem. Dandora ilianzishwa katikati ya miaka ya 1970 kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Watu walitoka mashambani wakaziacha koo zao, na katika ploti yenye vyumba ishirini na choo kimoja, jirani akawa ndiye ndugu.

Katika hali hiyo, kundi la dini hufanya mengi zaidi ya kuhubiri. Humtafutia kijana kibarua katika viwanda vya Industrial Area, humlipia kodi mwezi anapokwama, humpatia mchumba, humchangia mazishi ya mzazi. Hayo yote ni mema, na ndiyo yanayofanya makanisa mengi ya mitaa hii yapendwe. Hatari huja pale msaada unapogeuka kamba. Mwenye nyumba ni muumini, mwajiri ni muumini, mke alichaguliwa na mchungaji, na akiba imo katika mfuko wa kundi. Mtu huyo akianza kushuku mafundisho, haulizi tu kama nabii anasema kweli. Anajiuliza atalala wapi usiku huo.

Ndiyo maana si haki kumwita aliyekaa humo miaka mingi mjinga. Wengi waliingia wakiwa na akili timamu, wengine wakiwa na shahada za vyuo vikuu, wakati wa msiba, talaka, ukosefu wa kazi au ugonjwa. Waliingia wakitafuta upendo, na kwa miezi ya mwanzo waliupata.

Mungiki: Aliyetoka na asiweze kukaa

Mfano unaojulikana zaidi Eastlands ni Mungiki. Kundi hilo lilianza Laikipia mwishoni mwa miaka ya 1980 likiwa harakati za kidini na kitamaduni. Wafuasi waliomba wakielekea Mlima Kenya, walinusa ugoro, wengi wakafuga nywele za rasta na kuikataa dini iliyoletwa na wamisheni. Katika miaka ya 1990 liliwavuta vijana wasio na kazi na watu waliofukuzwa makwao na ghasia za kikabila. Lilipoingia Mathare, Huruma, Kariobangi, Dandora na Kayole, likaanza kutoza matatu na wakazi ada za lazima. Machi 2002, watu zaidi ya 20 waliuawa Kariobangi katika uhasama uliolihusisha na kundi lililojiita Taliban, na serikali ikalipiga marufuku. Mwaka 2010 liliorodheshwa tena miongoni mwa makundi 33 yaliyoharamishwa chini ya sheria ya kuzuia uhalifu wa kupangwa.

Kiini cha ufuasi kilikuwa kiapo. Aliyekula kiapo alifundishwa kwamba kukivunja ni kujiletea kifo, na walioasi waliwindwa kweli. Hapo hofu mbili ziliungana ndani ya mtu mmoja, hofu ya watu waliomtafuta na hofu ya nguvu iliyosemekana kukaa ndani ya kiapo chenyewe. Hofu ya kwanza mtu aliweza kuikimbia kwa kuhamia mji mwingine. Ya pili ilisafiri naye. Homa ikimshika, biashara ikianguka au mtoto akiugua, alikumbuka maneno aliyoapa.

Upande wa pili walikuwako polisi. Mwaka 2008, Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu nchini (KNCHR) ilidai kwamba vijana wapatao 500 waliohusishwa na kundi hilo walikuwa wameuawa au kutoweka, na mwaka 2009 mtaalamu wa Umoja wa Mataifa, Philip Alston, aliunga mkono madai kwamba polisi walikuwa na vikosi vya mauaji. Kijana aliyetaka kuacha alijikuta kati ya moto na moto. Mwaka huo huo wa 2009, mahakama ya rufaa iliyoko Chicago, Marekani, ilikubali kwamba walioasi Mungiki wanaweza kuhesabiwa kuwa kundi la kijamii linalostahili ulinzi wa wakimbizi. Kwa maneno mengine, majaji wa ng'ambo walitambua kwamba kutoka katika kundi ni jambo ambalo haliwezi kutenguliwa, na linaloweza kumgharimu mtu nchi yake.

Viongozi walikuwa na njia nyingine. Ndura Waruinge alitangaza kusilimu mwaka 2000, na baadaye akawa Mkristo. Maina Njenga alibatizwa mwaka 2009 baada ya kuachiliwa huru katika kesi ya mauaji. Picha za matukio hayo zilijaa magazetini. Lakini ubatizo huchukua dakika chache, na kwa kijana wa kawaida wa Dandora aliyekuwa na kiapo kifuani na jina lake midomoni mwa majirani, kamera hazikuja. Tofauti hiyo ni somo la kwanza kwa familia: kutangaza kuacha si kipimo cha kupona.

Shakahola: Waliookolewa wakakataa chakula

Somo la pili lilitoka mbali na Nairobi, katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, ingawa waathiriwa walitoka sehemu nyingi za nchi. Paul Mackenzie alianzisha kanisa la Good News International mwaka 2003 huko Malindi. Mahubiri yake dhidi ya shule, hospitali na vitambulisho vya serikali yalienea kupitia runinga na intaneti, hivyo hayakuhitaji jengo la kanisa mtaani ili kumfikia mtu sebuleni kwake. Mwaka 2019 alilifunga kanisa na wafuasi wakaanza kuhamia msituni. Mackenzie alikamatwa Aprili 2023, na makaburi yalipofukuliwa, miili zaidi ya 400 ilipatikana. Tangu mwanzoni mwa 2024 yeye na wenzake walifunguliwa mashtaka yakiwemo ya ugaidi, kuua bila kukusudia na mauaji ya watoto 191. Aliyakanusha.

Jambo lililowashangaza Wakenya wengi ni kwamba baadhi ya waliopatikana wakiwa hai walikataa kula. Walikuwa wametolewa msituni, maji na uji vikiwa mbele yao, na bado waliendelea na mfungo. Mwili ulikuwa umeokolewa, agizo likabaki. Juni 2023, watu 65 kati yao walifikishwa katika mahakama ya Shanzu, Mombasa, wakishtakiwa kwa kujaribu kujiua. Mashirika ya haki za binadamu yalilalamika kwamba waathiriwa walikuwa wanatendewa kama wahalifu.

Sheria hiyo baadaye ilibadilika. Januari 9, 2025, Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu aliamua kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa, kinakiuka Katiba. Uamuzi huo una uzito kwa mada yetu. Mtu aliyefunzwa kwamba serikali ni adui wa imani yake, akipokewa nje na pingu, huona kwamba nabii alisema kweli. Ni vigumu kubuni njia bora ya kuikaza kasumba.

Unabii ukishindwa, imani hufa?

Wengi hudhani kwamba siku ya mwisho ikitajwa na isitimie, wafuasi watatawanyika. Historia inasema vingine. Mwaka 1954, Leon Festinger na wenzake walifuatilia kundi dogo katika eneo la Chicago lililotarajia gharika Desemba 21. Mvua hiyo haikunyesha. Baadhi ya wafuasi, hasa waliokuwa wameacha kazi na mali, walizidi kuhubiri. Kitabu cha Festinger na wenzake cha mwaka 1956 kilieleza kwamba aliyelipa gharama kubwa huona uchungu mno kukiri kwamba alilipia bure. Maelezo hayo yamejadiliwa na kukosolewa na watafiti waliofuata, lakini hali yenyewe imeonekana kwingine.

Kenya ilionja hali hiyo mwaka 2006. Wafuasi wa House of Yahweh, kundi lenye makao yake Texas, walijificha mahandakini wakingoja vita vya nyuklia Septemba 12. Siku ilipopita, kiongozi wao, Yisrayl Hawkins, alieleza kwamba vita hivyo vilikuwa vimetungwa kama mimba siku hiyo, vitazaliwa Juni 12, 2007. Nchini Uganda mambo yaliishia kwenye maafa. Kundi la Kurejesha Amri Kumi za Mungu, lililotarajia mwisho wa dunia mwishoni mwa 1999, liliangamia kwa moto huko Kanungu Machi 17, 2000, na mamia ya watu wakafa.

Kwa hiyo, jamaa anayemngoja mtu wake "aone mwenyewe" siku ya unabii ikipita huenda akangoja sana. Watu wengi hutoka kwa sababu ndogo zaidi. Kiongozi alimtukana mama yake. Mtoto aliugua na hospitali ikakatazwa. Michango haikujulikana ilikokwenda. Ni jambo moja dogo ambalo halikuweza kumezwa.

Hali ya aliyetoka

Wataalamu wa afya ya akili wametambua kwamba mateso haya ni ya kweli. Mwongozo wa magonjwa ya akili wa Marekani, katika toleo la mwaka 2013, unataja mvurugiko wa utambulisho wa mtu aliyepitishwa katika ushawishi wa shuruti wa muda mrefu, ukijumlisha kuingizwa katika madhehebu. Dalili zinazojitokeza mara kwa mara ni hizi:

Hofu isiyo na sauti. Mtu haamini tena kwamba moto utashuka, lakini ngurumo ikipiga usiku anatetemeka. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, wahenga walisema. Hofu hukaa mwilini hata baada ya akili kuikana.

Kushindwa kuamua. Aliyeambiwa kwa miaka mitano avae nini, ale nini na aoe nani, hukwama mbele ya jambo jepesi kama kuchagua shati sokoni Gikomba. Huu si uvivu. Ni msuli uliodhoofika kwa kutotumika.

Kuelea. Wimbo fulani, harufu ya ubani au neno moja la kundi humrudisha alikokuwa. Kwa dakika au saa kadhaa huona, husema na hufikiri kama mfuasi. Kisha hurejea, akiwa na aibu.

Hatia. Pengine alimwingiza dadake. Pengine aliuza shamba la baba akatoa sadaka, au alikataa kumzika mzazi "asiyeokoka". Aliyoyafanya ni ya kweli, hivyo kumwambia "usijali" hakumsaidii.

Upweke na hamu. Hili ndilo linalozishangaza familia zaidi. Aliyetoka hukosa kundi lake. Huzikosa nyimbo, usiku wa maombi, watu waliomwita ndugu na uhakika wa kujua kila kitu. Anaomboleza, na mara nyingi hana mtu wa kumpa pole.

Hatua tatu

Daktari Judith Herman wa Marekani, katika kitabu chake cha mwaka 1992 kuhusu kiwewe na kupona, aligawanya safari ya waathiriwa wa mateso katika hatua tatu: usalama, kukumbuka na kuomboleza, kisha kurejea katika maisha ya watu. Mgawanyo huo unafaa pia hapa, mradi ikumbukwe kwamba mtu huenda mbele na kurudi nyuma.

Usalama hutangulia yote. Aliyetoka anahitaji chumba, chakula, usingizi na simu ambayo viongozi hawana namba yake. Ikiwa alipanga nyumba kwa muumini wa kundi, ahame. Ikiwa kuna vitisho, viripotiwe. Mwenye dalili za utapiamlo au ugonjwa aonwe na daktari kabla ya mazungumzo yoyote ya dini, kwa kuwa njaa na kukosa usingizi ni vyombo ambavyo makundi haya hutumia kulegeza akili, na akili haikazwi upya ikiwa tumbo ni tupu.

Kukumbuka hufuata, na hakuharakishwi. Njia moja ambayo washauri hupendekeza ni kuandika: tarehe aliyoingia, nani alimwalika, alikuwa na shida gani wakati huo, nini alipewa, nini alidaiwa. Karatasi ikijaa, mtu huanza kuona mpangilio mahali alipoona miujiza. Njia nyingine ni kuyachukua maneno ya kundi moja baada ya jingine na kuyatafsiri kwa Kiswahili cha kawaida cha nyumbani. "Kuvunja roho ya ukoo" huenda kulimaanisha kuacha kumpigia mama simu. Maneno yakivuliwa nguo zake, nguvu yake hupungua.

Kurejea ni kupata mahali pengine pa kuwa mtu. Kibarua, chama cha akina mama, timu ya mpira ya mtaa au darasa la jioni hufanya kazi ambayo mabishano hayawezi kuifanya. Kila mahali ambapo anaweza kuchelewa, kukosea au kupinga wazo bila kulaaniwa, humpa ushahidi mpya kuhusu dunia aliyoambiwa ni ya shetani.

Familia ifanye nini

Kosa kubwa la kwanza ni kumteka na kumshurutisha. Katika miaka ya 1970, wazazi nchini Marekani waliwalipa watu wawakamate watoto wao na kuwafungia ili "wasafishwe akili". Wengine walitoka wakiwa na majeraha mapya, na wengine wakarudi katika kundi wakiwa na sababu zaidi ya kubaki. Mwaka 1995, mahakama jijini Seattle ilimpa mwathiriwa mmoja wa utekaji huo fidia ya mamilioni ya dola. Shuruti haiponywi kwa shuruti.

Kosa la pili ni la kwetu zaidi. Mzazi humchukua kijana Jumapili ya kwanza na kumpeleka kwa mhubiri mwingine aombewe, mapepo yatolewe mbele ya umati, aungame na kushuhudia. Nia ni njema, lakini utaratibu ni ule ule aliotoka kuukimbia: kiongozi mwenye majibu yote, siri zake hadharani, shaka ikiitwa pepo. Kijana aliyetoka Njiru akaingia Pipeline kwa njia hiyo hajapona. Amehama. Baada ya muda familia hushangaa kwamba "amerudia".

Hii haina maana kwamba dini haina nafasi. Wako wanaopata faraja katika kanisa au msikiti wa utotoni, na wako wasiotaka kusikia sala kwa miaka. Wote waachiwe. Mchungaji au imamu mwenye busara anaweza kusaidia sana kwa kumsikiliza faraghani, kutodai chochote na kukubali kwamba baadhi ya maswali hana majibu yake.

Kosa la tatu ni kejeli. "Hata wewe, na elimu yako?" Swali hilo humfungia mtu ndani ya aibu, na aibu ni mojawapo ya njia za kurudi kundini. Afadhali maswali yanayomwachia nafasi: "Siku ya kawaida ilikuwaje?" "Ulipenda nini kule?" "Ni wakati gani ulianza kuchoka?" Swali la pili lina thamani ya pekee kwa sababu humruhusu kukubali kwamba palikuwa na mema, bila kuogopa kwamba atashukiwa.

Kwa wale ambao jamaa zao bado wako ndani, kuna habari ya kutia moyo. Mwanasosholojia wa Uingereza, Eileen Barker, alichunguza kundi la Moon na kuchapisha matokeo yake mwaka 1984. Aligundua kwamba kati ya waliohudhuria semina zake jijini London, chini ya mtu 1 kati ya 10 alijiunga kwa zaidi ya siku chache, na wengi waliojiunga walitoka wenyewe baadaye. Akili ya binadamu haifungwi kabisa. Mlango wa nyumbani ukibaki wazi, simu ikiendelea kupigwa siku za kuzaliwa na za misiba, mtu huwa na mahali pa kukimbilia siku shaka yake itakapokomaa.

Watoto

Aliyeingia akiwa mtu mzima ana maisha ya awali ya kurudia. Aliyezaliwa ndani hana. Mtoto huyo hajapata chanjo pengine, hajui shule, hajui michezo ya wenzake, na mzazi wake ndiye aliyemfunza hofu. Kwake neno "kupona" halitoshi. Anajifunza kuishi kwa mara ya kwanza.

Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima, lishe, makao na huduma za afya. Kifungu cha 32 kinalinda uhuru wa kuabudu, na pia kinakataza mtu kushurutishwa kutenda jambo lililo kinyume cha imani yake. Imani ya mzazi haifuti haki za kifungu cha 53. Jirani anayeona watoto wamefungiwa ndani, hawaendi shule na wanazidi kukonda, hamwingilii mtu dini yake anapopiga simu 116, nambari ya bure ya kuwasaidia watoto.

Msaada uliopo

Kenya haina mtandao mpana wa vituo vya waliotoka katika madhehebu kali, lakini kuna milango ya kubisha. Chama cha Msalaba Mwekundu kina nambari ya bure, 1199, kwa ushauri wa kisaikolojia. Nambari 1195 huwahudumia waathiriwa wa dhuluma za kijinsia, ambazo hutokea pia ndani ya makundi haya. Hospitali ya Mathari ndiyo hospitali kuu ya taifa ya afya ya akili, na wakazi wa Eastlands wanaweza kuanzia Hospitali ya Mama Lucy Kibaki. Ushauri nasaha nao una sheria yake tangu mwaka 2014, inayotaka washauri na wanasaikolojia wasajiliwe. Ni haki ya mteja kumuuliza mshauri kama amesajiliwa. Anayeahidi kumponya mtu kwa siku tatu, au anayedai alipwe kwa "mbegu", aepukwe.

Baada ya Shakahola, serikali iliunda jopo likiongozwa na Mchungaji Mutava Musyimi, ambalo lilikabidhi ripoti yake Julai 2024 kuhusu usimamizi wa mashirika ya kidini. Mjadala mwingi tangu hapo umehusu usajili wa makanisa na mipaka ya serikali. Ni mjadala muhimu, na viongozi wengi wa dini wana hofu za haki kuuhusu. Lakini sheria ya usajili humzuia nabii wa kesho. Haimsaidii msichana aliyerudi Huruma wiki jana. Kwa mwaka 2025, makaburi mengine yalipopatikana Kwa Binzaro, si mbali na Shakahola, ilidhihirika kwamba kumfunga kiongozi hakuyazimi mafundisho vichwani mwa wafuasi. Taifa lililofukua miili kwa bidii lilihitaji bidii hiyo hiyo kwa walio hai.

Dalili za kupona

Familia huuliza: tutajuaje kwamba amepona? Wengine hungoja siku atakapolilaani kundi hadharani. Siku hiyo huenda isije, na ikija haithibitishi kitu, kwa maana chuki kali inaweza kuwa kamba ile ile iliyogeuzwa upande.

Dalili za kuaminika ni za kawaida zaidi. Anachagua chakula bila kuuliza kama kinaruhusiwa. Anapinga neno la baba yake mezani, kisha anaendelea kula. Anacheka jambo ambalo kundi lilikataza kuchekwa. Anasikia wimbo wa zamani, anakumbuka, na hapotei. Anaweza kusema kuhusu Mungu, kuhusu mwisho wa dunia au kuhusu kesho yake, "Sijui," na usiku huo akalala. Mtu aliyekuwa amelazimishwa kujua kila kitu hupata uhuru wake katika neno hilo dogo. Jamaa wanaolisikia wasikimbilie kumpa jibu.